Daktari Asiyejua Kusalimu

Nkt! Mtu amesomeshwa miaka 6, anayajua yaliyomo tumboni mwako kuliko unavyoyajua wewe, halafu anamkuta kogo, bibi wa watu, ameketi kwenye benchi tangu alfajiri na neno la kwanza linalomtoka kinywani ni, "Shida?" Hakuna salamu ya chamgei. Hakuna umeamkaje, mama. Hakuna hata kuuliza jina. Shida! Kama karani wa kituo cha majani chai anayeuliza kilo.

Hapa Kiptere, stejini ambapo bodaboda hungoja abiria wa kuteremka Sondu na wa kupanda Kericho, hili ndilo tunalolisonyea siku hizi. Siasa imewekwa kando, bonasi ya chai imewekwa kando. Kila anayesimama kununua mahindi ya kuchoma ana kisa chake cha hospitali, na visa vyote vinafanana. Hakuna anayelalamika kwamba daktari hakujua dawa. Wanalalamika kwamba daktari hakuwajua wao.

Mimi nilikuwepo kwenye kisa cha yule kogo, foleni moja naye. Kituo chenyewe sitakitaja. Kiswahili cha kogo ni cha sokoni, cha kununulia chumvi na kiberiti, basi. Kijana aliyekuwa zamu akaanza maswali mlango ukiwa wazi: maumivu yako wapi, yameanza lini, choo kikoje, mkojo ukoje. Kogo akamtazama tu. Kijana akaita mfagiaji aje kutafsiri. Mfagiaji akaja na mopu mkononi, barobaro wa kijiji hicho hicho, wa umri wa wajukuu zake. Sasa mama wa miaka 80 aseme nini mbele ya mtoto kama huyo, na watu kumi wameelekeza masikio mlangoni? Aliikaza leso kiunoni, akasema kichwa kinamuuma. Akaandikiwa dawa ya kichwa, akatoka. Nje, mbali kabisa na mlango, akamnong'oneza mwenzake kilichomleta hasa. Sikisemi hapa, maana mimi sikuambiwa. Lakini nilimwona yule mwenzake alivyoshika kinywa.

Ugonjwa ule ulirudi nyumbani na mgonjwa wake. Kijana akaandika kitabuni "kichwa", akaita mwingine. Kwa karatasi, kazi imefanyika.

Mwendesha bodaboda mmoja, kijana mwenye akili zake timamu, alimtetea yule daktari, na ni haki nimpe nafasi. Alisema, "Wazee wangu, yule yuko peke yake, foleni imefika hadi kwenye lango, glavu zimeisha, mnataka amuulize kila mtu habari za ng'ombe?" Nimelifikiria hilo. Ni kweli kazi ni nyingi na mikono ni michache. Lakini salamu ya Kikipsigis haichukui dakika. Kufunga mlango hakuhitaji bajeti ya kaunti. Na kumwita mama wa makamo aje atafsiri badala ya mvulana ni suala la kujua, tena ni suala la kufundishwa. Yule kijana hakufundishwa. Au alifundishwa kinyume chake, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Kwa sababu hakuzaliwa hivyo. Huyo ni mtoto wa nyumba ya watu, alikua akijua kumpisha mzee njiani na kutomkatiza mama akizungumza. Aliingia chuoni na adabu yake nzima. Kisha akaanza kuzunguka wadini nyuma ya wakubwa. Kundi la wanafunzi linasimama miguuni mwa kitanda, mkubwa anamtaja mgonjwa kwa ugonjwa wake, "hili ni ini, lile ni figo", blanketi linafunuliwa mbele ya macho kumi bila mwenye mwili kuombwa ruhusa. Mwanafunzi akijaribu kumuuliza mama jina lake anaambiwa anachelewesha raundi. Hakuna mahali popote katika ratiba palipoandikwa somo la kudharau. Lakini lilifundishwa kila asubuhi, na walimu wake walikuwa ndio watu ambao mwanafunzi anataka awe kama wao. Somo la namna hiyo halisahauliki, hata kama majina ya dawa yatasahaulika.

Mzee mmoja wa hapa, wa rika la Kaplelach, alileta jambo ambalo wasiolijua huku kwetu watadhani ni dogo. Kwetu rika ni ukoo wa pili. Watoto wa wenzako wa rika ni watoto wako. Huwezi kumwoa binti wa mtu wa rika lako hata kama hamna damu moja. Sasa mzee alikuwa na shida ya mkojo, ile inayowapata wanaume wakishakuwa wazee. Akaenda. Akamkuta daktari wa kike, msichana mzuri, mpole, hana kosa lolote. Walipoanza kuzungumza mzee akatambua: huyu ni binti wa fulani, wa rika langu. Huyu ni mwanangu. Naye binti, vitabuni ameelekezwa kwamba tezi dume hupimwa kwa kidole. Akavaa glavu.

Mzee alivaa koti lake, akaondoka. Alikaa muda mrefu na maumivu yake kabla ya mwanawe kumpeleka kwingine.

Ukimsikiliza mwalimu wa mjini atasema mzee ni mshamba, mwili ni mwili, daktari hana jinsia. Mimi nakataa. Binti yule angeweza kufanya kazi yake vizuri sana kama angepewa zana moja tu: kuuliza kwanza, kabla ya glavu. "Baba, katika uchunguzi huu kuna sehemu ngumu. Ungependa nikufanyie mimi au nimwite mwenzangu wa kiume?" Sentensi mbili. Mzee angepewa mlango wa kutokea kwa heshima, na huenda angesema, fanya wewe, umesoma. Wengi husema hivyo wakiombwa. Kinachowafukuza ni kutoombwa. Na sisi tuko katika kaunti ambayo wauguzi na maafisa wa kliniki wanafundishwa hapa hapa, kwenye kampasi za KMTC za Kericho na Kapkatet. Chuo hicho cha mafunzo ya tiba kilianza mwaka 1927. Karibu miaka 100 ya kufundisha watu kutibu watu! Kwa miaka yote hiyo, mgonjwa wa Kikipsigis, wa Kijaluo kule Sondu, wa Kikisii, amekuwa hapo hapo akingoja kuulizwa.

Tusikie na la koo, maana hilo linatuua huku. Kusini mwa Bonde la Ufa saratani ya umio, hii ya njia ya chakula, ni nyingi kupita kawaida. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, wamelisema na kuliandika kwa miaka mingi: inawapata hata vijana wasiofika miaka 30, jambo ambalo sehemu nyingine za dunia halionekani hivyo. Mtu anaanza kukwama ugali, anahamia uji, kisha maziwa, kisha mate yake mwenyewe hayapiti. Anapofika Tenwek, mara nyingi kilichobaki ni kumwekea kibomba cha waya kooni ili aweze kumeza siku zilizobaki.

Kwa nini wanachelewa? Hapa ndipo utamaduni unapoingia chumbani, upende usipende. Sababu za ugonjwa huo hazijafungwa katika jibu moja. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitamka mwaka 2016 kwamba kinywaji cha moto kupita nyuzi 65 kinaelekea kuchangia. Na sisi ni watu wa chai. Chai isiyounguza ulimi tunasema imelala. Mwaka 2013 watafiti walichapisha vipimo vya mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, na kueleza kwamba walikuta ndani yake asetaldehaidi, kemikali inayojulikana kwa ubaya wake, ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba mursik ndiyo yenye kosa. Sasa mpeleke daktari kijana kwa mama wa Kiptere, mwambie amuulize kuhusu mursik.

Mursik si kinywaji tu. Mama anachukua sotet, kibuyu alichokitunza miaka, anakisugua ndani kwa sosiot, ule ufagio mwembamba wa mkindu, anapaka mkaa wa senetwet hadi kuta za kibuyu zinang'aa nyeusi, kisha anamimina maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, anafunika, anangoja siku. Mkaa unaonekana kwenye maziwa kama mistari ya buluu. Wanariadha wetu wakirudi na medali wanapokelewa nayo uwanja wa ndege. Mkwe akija kuposa anapewa. Kibuyu hicho ni heshima ya nyumba. Halafu aje mtu wa miaka 25, bila salamu, aseme, "Acheni hii kitu, inaleta kansa." Nani atamsikiliza? Mama atamsikiliza kwa adabu, atarudi nyumbani ataitengeneza vilevile, na siku mumewe atakapoanza kukwama ugali hatataka kumpeleka kwa yule aliyekitukana kibuyu chake. Ugonjwa utapata miezi 6 ya bure.

Daktari aliyefundwa angeanza mbali. Angeuliza nani humu ndani anayetengeneza mursik nzuri. Angesifu. Angeuliza chai mnakunywaje, mara ngapi, inapoa kidogo au hapana. Angesema: mama, kuna jambo moja nakuomba, ukiona mtu yeyote nyumbani chakula kinamkwama zaidi ya wiki mbili, usimpe uji, mlete kwangu. Hapo utamaduni umekuwa mlango wa kuingilia. Na hilo halihitaji kipaji cha kuzaliwa nacho. Linaweza kufundishwa darasani, likafanyiwa mazoezi, likasahihishwa.

Wapo waliojaribu, na lazima wapewe sifa yao. Chuo Kikuu cha Moi kilipofungua kitivo chake cha sayansi za afya kule Eldoret, darasa la kwanza likaanza 1990, waanzilishi hawakutaka kuiga tu shule ya udaktari ya Nairobi iliyokuwepo tangu 1967. Waliweka katika masomo mpango unaoitwa COBES, wa kumpeleka mwanafunzi kwenye jamii mapema, akae kwenye kituo cha afya cha mashambani, atembee nyumba kwa nyumba, aone maji yanatoka wapi na choo kiko wapi, aulize watu wenyewe wanaona shida yao kubwa ni ipi. Nimewaona wanafunzi wa namna hiyo. Wanakuja na makoti meupe yaliyopigwa pasi, siku za kwanza wanaogopa ng'ombe, siku za mwisho wanakula mboga ya isagek jikoni na mama mwenye nyumba. Kitu fulani kinabadilika machoni mwao.

Na Eldoret hiyo hiyo kuna kisa ambacho mimi ningekifanya kisomwe na kila mwanafunzi wa udaktari nchini. Mwaka 2000, UKIMWI ukiwa umejaza wadi na dawa za kuurefusha uhai zikiwa ghali kupita uwezo wetu, mwanafunzi mmoja wa udaktari wa Moi alilazwa katika wadi zile zile alizokuwa akifundishiwa. Amekonda, hoi, hakuna aliyetarajia aamke. Daktari Joe Mamlin, aliyetoka Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alikuwa ameshazoea kuona watu wakifa hapo. Safari hii alikataa. Dawa zikatafutwa, zikanunuliwa kwa fedha za kuchangishana, kijana akainuka kitandani. Baada yake ukaja mpango wa AMPATH, mwaka 2001, ambao umetibu watu wengi mno magharibi mwa Kenya. Sisemi hivi kumsifu mgeni. Nasema hivi kwa sababu ya wale wanafunzi wengine waliokuwa wamesimama pale. Walimwona mwalimu wao akikataa kuzoea kifo. Hilo walijifunza kwa macho, kama vile wenzao wengine wanavyojifunza dharau kwa macho.

Tenwek nako wana njia yao. Hospitali hiyo iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937 haifichi inachokiamini. Kaulimbiu yake inasema wao hutibu na Yesu ndiye anayeponya. Mzee wetu wa Kaplelach, ambaye kanisani haonekani sana, alisema jambo zito: anapenda mahali palipoandika imani yake ukutani, kwa sababu kilichoandikwa ukutani unaweza kukidai. Ukifanyiwa ubaya pale, unawaonyesha ukuta wao. Hospitali nyingi za umma zina mabango ya haki za mgonjwa pia, yametundikwa karibu na dirisha la kulipia, kwa Kiingereza kidogo na Kiswahili kigumu. Nani ameyasoma? Nani ameyafundisha?

Na sheria tunayo, jamani! Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema wazi kwamba mtoa huduma, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake na tiba yake kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Imeandikwa. Bunge limepitisha. Sasa nionyesheni mtihani wa mwisho wa udaktari ambamo mwanafunzi hupimwa kama anaweza kumweleza mama wa Sigowet kuhusu shinikizo la damu kwa Kiswahili chepesi, achilia mbali Kikipsigis. Masomo yote ni kwa Kiingereza, mtihani kwa Kiingereza, halafu siku ya kwanza ya kazi unapewa watu wasiokijua. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, wanafunzi wa udaktari wanafundishwa Kixhosa na Kiafrikana kama sehemu ya shahada yao, kwa sababu hizo ndizo lugha za wagonjwa watakaowakuta pale. Sisi ambao Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, tunamwachia mfagiaji kazi ya ukalimani. Mfagiaji hakula kiapo cha siri. Mfagiaji halipwi kwa hilo. Na mfagiaji anarudi kijijini jioni na siri za watu kifuani.

Hapa mama mmoja, mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo letu, alinikatiza. Ni mmoja wa wale zaidi ya 100,000 waliozinduliwa na serikali Septemba 2023 na kupewa mikoba ya kazi. Anajua kila nyumba kuanzia barabarani hadi mtoni: nani mjamzito, nani ameacha dawa za kisukari, nani anapigwa. Alisema, "Mnasema utamaduni, utamaduni, kana kwamba wote ni asali. Na ule wa kukata wasichana?"

Kimya kikatanda stejini, kama ilivyostahili. Maana huku kwetu ukeketaji ulikuwa sherehe, na sheria ya 2011 iliyoupiga marufuku haikuumaliza siku moja. Kibaya zaidi ni ule unaofanywa na watu waliosomea uuguzi, kwa siri, kwa glavu na sindano ya ganzi, wakisema afadhali wao kuliko wembe wa mama wa zamani. Daktari mmoja alikwenda hadi Mahakama Kuu mwaka 2017 akitaka sheria hiyo ifutwe kwa hoja kwamba mwanamke mtu mzima aachiwe achague mila yake. Mahakama ilimkatalia mwaka 2021. Mimi niko upande wa mahakama, bila kusitasita. Mtu aliyefunzwa kuponya akitumia ujuzi huo kukata mwili mzima usio na ugonjwa, amekosa kwa namna ambayo wembe wa bibi haukukosa, kwa sababu yeye alijua.

Mama yule hakuishia hapo. Akataja wanawake wanaofika na uchungu uliokwama, mtoto amekaa vibaya, na upasuaji unangoja mume apatikane kwenye simu aseme ndiyo. Mume yuko Sondu mnadani, simu haishiki. Mwanamke mtu mzima mwenye akili zake anaweza kukubali upasuaji wake mwenyewe. Kuna wahudumu ambao wanalijua hilo na bado wanangoja, kwa sababu wanaogopa kelele za wakwe. Hiyo nayo wanaiita heshima.

Kwa hiyo simtaki daktari anayeinamia kila kitu kinachoitwa mila. Namtaka anayeijua vizuri kiasi cha kutofautisha kile kinachomlinda mgonjwa na kile kinachomlinda anayemwonea. Huwezi kutofautisha vitu usivyovijua. Msomi anayezidharau mila zote hawezi kuizuia mbaya, kwa sababu hakuna atakayemsikiliza; na anayeziogopa zote hatajaribu.

Tumekwenda mbali kutafuta hekima hii. Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari bingwa 100 kutoka Cuba, wakagawiwa kaunti, na wetu 50 wakapelekwa kule kusomea udaktari wa familia. Wacuba wana jambo la maana: daktari wao wa familia anaishi mtaani na watu anaowatibu, anajua nani amelala njaa. Lakini Profesa Miriam Were, Mkenya, alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo Kakamega miaka ya 1970, akikaa na wanavijiji hadi wakapanga wenyewe vyoo, maji na chanjo. Dunia ilimtambua, Japani ilimpa tuzo ya Hideyo Noguchi mwaka 2008. Ni wanafunzi wangapi wa KMTC wanaolijua jina lake? Tungemsoma yeye kwanza, ndipo tukate tikiti ya Havana.

Na serikali nayo inafundisha, hata pasipo kujua. Mkataba wa 2017 uliwapa madaktari wanagenzi shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 wakaambiwa watapewa 70,000. Madaktari wakagoma tangu Machi hadi Mei, na sisi huku tukazunguka na wagonjwa wetu kwenye pikipiki tukitafuta mlango uliofunguliwa. Niliwakasirikia sana wagomaji wakati ule, na bado naamini mgonjwa hakupaswa kulipa deni lisilo lake. Lakini kijana anayeambiwa na mwajiri wake wa kwanza kwamba sahihi si kitu, ahadi si kitu, ataitunzaje ahadi yake kwa mgonjwa? Anayetaka madaktari wenye utu aanze kwa kuwatendea utu wakiwa bado wanafunzi, wakilala kwa saa tatu tu kwenye kiti cha wadi.

Basi stejini tukaanza kuulizana: tungepewa nafasi, tungefanya nini? Hili si suala la chuo peke yake, maana sisi ndio miili wanayojifunzia. Mzee akasema kila mwanafunzi anayeletwa atachimenti Kericho au Bomet akabidhiwe kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji kabla ya kukabidhiwa stethoskopu, azungushwe, afundishwe salamu, marika, nani haketi na mkwe wake, nani hatajwi kwa jina. Akimaliza, mhamasishaji huyo amtahini: amwite bibi mmoja, babu mmoja na msichana mmoja mjamzito, mwanafunzi awahoji, wao ndio watoe alama. Hilo linawezekana. Vyuo tayari vina mitihani ya vituo, mwanafunzi anahama kutoka meza hadi meza, hapa anasikiliza moyo, pale anasoma picha ya eksirei. Ongeza meza moja. Aketi mama wa Kiptere nyuma yake, alipwe kama mtahini mwingine yeyote, na Kiingereza kisiruhusiwe kwenye meza hiyo.

Bodaboda, yule mtetezi, alikubali, ila akataka iwe alama chache, 10 kwa mia, asije akafelishwa kijana mwenye bidii kwa sababu ametoka Garissa na Kikipsigis hakijui. Mzee akasema 30, na wa Garissa apewe mkalimani mzuri, apimwe anavyomtumia. Mhamasishaji akatikisa kichwa. Yeye anataka alama hizo zisijumlishwe na nyingine hata kidogo: anayezikosa arudi nyanjani miezi 3, hata kama anajua dawa zote, kisha aitwe tena mbele ya mama yule yule.